Nini Kinaua Biti Kwenye Mwamba Mgumu?

Ukifika kwenye kisima cha mafuta au gesi kinachochorongwa, macho hukimbilia mnara. Ni haki yake, maana ni mrefu kuliko jengo la ghorofa kumi. Lakini kazi yenyewe inafanyika mahali asipopaona mtu, kilomita tatu au nne chini ya ardhi, ambako kipande kimoja cha chuma chenye upana wa mdomo wa ndoo ya lita 20, au pungufu ya hapo, kinakula mwamba gizani. Kipande hicho ndicho biti. Mnara, injini, pampu, mabomba na wafanyakazi wote unaowaona pale wapo ili biti izungushwe, ikandamizwe na ipozwe. Biti ikifa, kila kitu kinasimama.

Kwenye mihadhara ya wazi tunayofanya, kila mara anasimama mtu na kuuliza: kwa nini kisima kimoja kichukue miezi, na kwa nini kiwe ghali hivyo? Huwa namjibu kwa hesabu. Bomba moja la kuchorongea lina urefu wa mita tisa na nusu hivi. Wakati wa kutoa biti, mabomba huvutwa matatu kwa pamoja, yaani mita 28 hivi kwa kila mvuto. Kisima cha mita 4,000 kina mivuto zaidi ya 140. Vijana wa sakafuni wanavuta, wanafungua, wanasimamisha mabomba mnarani, wanavuta tena, mpaka biti itokeze juu. Inafungwa nyingine, halafu safari ileile inaanza upya kwa kushuka. Hiyo ni siku nzima, mara nyingi zaidi ya siku, na kisima hakijaongezeka hata sentimita moja. Wakati huo kodi ya rigi, yaani mnara na mitambo yake yote, inahesabiwa: nchi kavu ni makumi ya maelfu ya dola kwa siku, na kwenye bahari yenye kina kirefu ni mamia ya maelfu.

Anayedhani hilo ni jambo la mwekezaji peke yake anakosea. Katika mikataba ya kugawana uzalishaji, ambayo ndiyo inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda, mwekezaji hurudishiwa gharama zake kutoka kwenye mafuta au gesi yenyewe kabla ya faida kugawanywa. Siku ya rigi iliyopotea kwa sababu ya biti iliyochaguliwa vibaya inaingia kwenye daftari la gharama, na sehemu yake inakatwa kwenye fungu la wananchi. Ndiyo maana naona kila raia ana haki ya kuelewa kidogo habari za meno ya biti.

Kwanza tuuelewe mwamba wenyewe. Zege la kawaida la nyumba zetu huvunjika likikandamizwa kwa megapaskali 20 hadi 30. Matale, yaani graniti, mwamba uleule wa lile Jiwe la Bismarck linalopigwa picha na kila mgeni anayefika Mwanza, huhitaji megapaskali 100 hadi 250. Hapo tunazungumzia kipande kilichowekwa mezani maabara. Kule chini mwamba unakuwa mgumu zaidi, kwa sababu kisima kimejaa tope la kuchorongea, majimaji yanayopampwa chini kupoza biti na kubeba chenga za mwamba, nalo linauelemea. Kwenye kina cha mita 4,000, hata tope jepesi kama maji linakandamiza sakafu ya kisima kwa baa 400 hivi, karibu mara 200 ya upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo. Chenga ya mwamba iliyokwisha kukatika inaweza kubaki imeng'ang'ania palepale, imebanwa na tope, na biti ikaisaga mara ya pili na ya tatu bila faida.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, wachorongaji wa Texas walitumia biti bapa yenye umbo la mkia wa samaki, na kwa jina hilo ndivyo ilivyoitwa. Ilipasua udongo na mchanga vizuri. Ilipogota kwenye mwamba, watu walifunga mizigo wakahamia kwingine, wakaacha mafuta chini. Mwaka 1909 Howard Hughes, baba wa yule bilionea wa ndege na sinema, alipata hataza ya biti yenye pia mbili za chuma zenye meno, zinazojizungusha zenyewe biti inapozunguka. Katika jaribio la Goose Creek, Texas, biti hiyo ilitoboa futi 14 za mwamba kwa saa 11. Ni mita nne na ushei tu, lakini kabla ya hapo mwamba ule haukupitika kabisa. Mwaka 1933 wahandisi wa kampuni yake waliongeza pia ya tatu, na huo ndio mwanzo wa trikoni, biti ambayo mpaka leo iko kwenye kila ghala la rigi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 meno ya chuma yakapata mwenzake: vipande vya kabaidi ya tangsteni vilivyopachikwa kwenye pia ili kukabili mawe ya gumegume yaliyokuwa yakimaliza meno ya kawaida kwa muda mfupi.

Trikoni hutwanga. Kila jino linashuka kama mchi, linapasua mwamba chini yake, linainuka, jingine linashuka. Kwenye mwamba mgumu njia hii inafanya kazi, na inavumilia misukosuko, ila ni ya polepole. Tena trikoni ina viungo vinavyozunguka ndani, na viungo huchoka. Moja ya pia hizo ikikatika ikabaki kisimani, inabidi iondolewe kabla ya kuendelea, kazi ambayo wachorongaji huiita kuvua. Ni jina zuri kwa kazi inayokesha watu.

Njia ya pili ni kukuna, kama mtu aliyekaa juu ya mbuzi na kifuu cha nazi. Mwamba, ugumu wake wote ule, unastahimili sana kukandamizwa lakini unaachia kirahisi zaidi ukikatwa kwa ubavu. Kwa hiyo jino linalokwangua linatumia nishati kidogo kuliko jino linalotwanga kutoa kiasi kilekile cha mwamba. Tatizo lilikuwa jino lenyewe. Ni kitu gani kitakachokwangua matale kwa saa 50 bila kuisha?

Jibu lilikuja kwa hatua mbili. Desemba 1954, watafiti wa kampuni ya General Electric huko Marekani walifanikiwa kutengeneza almasi maabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni hiyohiyo ikatoa jino la kuchorongea ambalo rigini linaitwa kwa herufi tatu tu: PDC. Ni kisahani cha kabaidi chenye ukubwa wa kifungo cha koti, kipenyo chake kwa kawaida milimita 13, 16 au 19, na juu yake limeshindiliwa tabaka la unga wa almasi lenye unene wa milimita mbili hivi. Unga huo unabanwa kwa shinikizo la angahewa 50,000 hadi 60,000 kwenye joto la nyuzi 1,400 hivi. Katika joto hilo kobalti, metali iliyo ndani ya kabaidi, inayeyuka, inapenya katikati ya chembe za almasi, na chembe zinashikana zikawa kitu kimoja. Meno hayo yanapangwa kwenye mabawa ya biti, kuanzia katikati, kupitia puani, hadi begani na ubavuni. Hakuna kiungo kinachozunguka, kwa hiyo hakuna pia ya kuvua.

Kwenye miamba laini na ya wastani biti hizi zilifagia soko. Kwenye mwamba mgumu zilikufa. Zilishuka nzima, zikapanda saa chache baadaye zimevunjika meno, na kwa muda mrefu maelezo yalikuwa mepesi: mwamba ni mgumu mno, rudisheni trikoni. Maelezo hayo yalichelewesha tasnia hii, na bado yanasikika. Mwamba mgumu peke yake ni mara chache kuua biti ya leo. Kuna kitu kingine kinachoua, na ukikijua kwa jina unaweza kukiundia dawa.

Muuaji wa kwanza ni joto. Jino likikwangua hupata moto pale linapogusana na mwamba, kama msumeno unaokata chuma. Na hapa kobalti, ileile iliyounganisha chembe za almasi kiwandani, inageuka adui wa ndani. Inatanuka haraka kuliko almasi na kuifumua kutoka ndani. Zaidi ya hapo, kwenye joto kubwa inaisaidia almasi kurudi kuwa grafiti, kitu kilekile kilichomo ndani ya penseli. Jino la kawaida linaanza kuharibika linapofika nyuzi 700 na kitu. Tiba iliyopatikana ni ya werevu mkubwa, na mimi naihesabu miongoni mwa kazi nzuri kabisa katika fani yetu: baada ya jino kuundwa, uso wake unalowekwa kwenye asidi kali inayoichuja kobalti na kuacha ngozi ya almasi tupu, nyembamba kuliko milimita moja. Ngozi hiyo inavumilia joto kubwa zaidi, na nyuma yake almasi yenye kobalti inabaki kutoa ushupavu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 njia hiyo imebadilisha kabisa orodha ya miamba inayoweza kukwanguliwa.

Kuna pia kusagika kwa kawaida, kama kisu kwenye msasa. Wasomaji wetu walioko Omani wanaofanya kazi kwenye visima vya gesi wanalijua hili vizuri. Gesi ya Khazzan, ambayo uzalishaji wake ulianza 2017, iko kilomita nne hadi tano chini, kwenye mawe ya mchanga ya zamani sana yaliyojaa kwazi na kushikamana kama yamechomwa. Hapo jino halivunjiki, linalika tu mpaka linabaki bapa. Dawa yake ni kuongeza idadi: mabawa saba, nane au tisa badala ya matano, meno madogo na mengi zaidi hasa begani, ili kila jino libebe mzigo kidogo. Ukiongeza meno unapunguza kasi, hilo halikwepeki, na mbunifu wa biti anaishi na mvutano huo kila siku.

Lakini muuaji ninayetaka tumtazame kwa karibu ni mwingine, na nilijulishwa kwake kwa aibu kidogo.

Nilikuwa mhandisi kijana, mwaka wangu wa pili kazini, kwenye kisima kimoja cha utafiti ndani ya Bonde la Ufa. Kampuni iliyokuwa na rigi sitaitaja. Tulikuwa tumeshusha biti tatu za aina moja kwenye mwamba uleule, na zote zilipanda na meno yamekatika. Kila mara niliandika ripoti yenye sentensi moja: mwamba mgumu. Tulishaagiza trikoni. Biti ya tatu ilikuwa imelazwa kwenye ubao pembeni ya sakafu, bado inachuruzika tope, wakati mchorongaji mzee wa zamu ya usiku aliponiita.

"Mwanangu, hizo karatasi ziache kwanza. Lete tochi, na kitambaa."

Aliipangusa biti jino kwa jino, taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto. Kisha akauchukua mkono wangu akaniambia nipitishe ukucha nyuma ya kila jino. Meno ya katikati yalikuwa mazima. Kuanzia puani ukucha ulianza kunasa. Begani, almasi ya meno mengi ilikuwa imebanduka kama ganda la yai, na pale ilipobaki ukingo wake ulikuwa mkali, umemeguka vipande vidogovidogo.

"Jino linalokula mwamba huchakaa wapi?" akaniuliza.

"Mbele, mzee."

"Na haya yamepigwa wapi?"

Nilitazama tena. Yalikuwa yamepigwa kisogoni.

"Basi mwamba hauwezi kukufuata kisogoni," alisema. "Ni biti iliyorudi nyuma."

Alikuwa na haki, na sayansi yake ilikuwa imeshaandikwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa kampuni ya Amoco, Marekani, walionyesha kwamba biti ya PDC inaweza kuacha kuzunguka kwenye kitovu chake ikaanza kuzungukia kuta za kisima, kama sarafu inayoyumbayumba mezani kabla ya kutulia. Biti inapoingia kwenye mtikisiko huo, baadhi ya meno yanakwenda ubavu na mengine kinyumenyume, na yanaugonga mwamba mara nyingi kwa sekunde. Almasi inastahimili sana kusukumwa kwa mbele, maana kabaidi imeiegemeza. Ukiipiga kwa nyuma haina mgongo, inabanduka. Kwa hiyo biti zetu tatu hazikuuawa na ugumu wa mwamba. Ziliuawa na kuyumba, na kuyumba kulitokana na sisi wenyewe: kwa kuogopa mwamba, tulizikandamiza kidogo na kuzizungusha haraka, hali inayopendwa mno na mtikisiko huo.

Mzee aliongeza uzito juu ya biti na kupunguza mizunguko. Biti ya nne, ya aina ileile kabisa, ilichoronga muda mrefu kuliko tatu za kwanza kwa jumla, na ilipopanda meno yake yalikuwa yamelika kwa mbele, bapa, safi. Trikoni tulizoagiza zilikaa ghalani.

Wabunifu walichukua somo hilo hilo wakaliingiza kwenye umbo la biti. Siku hizi kabla chuma hakijaguswa, kompyuta inahesabu nguvu inayopata kila jino, na meno yanapangwa ili nguvu za kusukuma ubavu zifutane. Mabawa yamepindishwa kama parafujo badala ya kunyooka, ili biti iguse ukuta muda wote na isipate nafasi ya kudunda. Ubavu umerefushwa. Wengine walifanya kinyume: waliiacha nguvu ya ubavu ielekee upande mmoja kwa makusudi, na upande huo wakaweka pedi laini isiyo na meno, iteleze ukutani bila kuung'ata. Biti inayoegemea upande mmoja daima haiyumbi.

Muuaji wa mwisho anatokea ukizidisha dawa. Ukikandamiza mno na kuzungusha polepole, biti inang'ata mwamba ikakwama, huku juu injini inaendelea kuzungusha mabomba. Kilomita tatu za chuma zinajisokota kama nguo inayokamuliwa. Kisha biti inaachia, na kwa muda mfupi inazunguka kwa kasi mara mbili au tatu ya ile inayosomeka juu. Halafu inakwama tena. Mhandisi aliyeko sakafuni anaona sindano ya msokoto ikipanda na kushuka kwa mwendo wa pumzi. Kwa hili, wabunifu wameweka vinundu nyuma ya meno ili jino lisizame zaidi ya kiwango kilichopangwa, na miaka ya 2010 zikaingia biti mseto zenye mabawa ya almasi na pia zinazozunguka kwenye mwili mmoja, pamoja na meno yenye umbo la shoka au ncha ya mkuki badala ya sahani bapa. Meno hayo yenye ncha yanapasua mwamba kwanza, ndipo bapa linafuata kukwangua.

Yote haya yanazunguka namba moja ambayo ningependa kila mwanafunzi wetu aijue kwa moyo: jino linazama kiasi gani kwa kila mzunguko. Chukua biti inayochoronga mita tatu kwa saa ikizunguka mara 120 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 7,200 kwa saa, kwa hiyo kila mzunguko biti inashuka milimita 0.4, takriban unene wa ukucha wako, na kina hicho kinagawanywa kwa meno yanayofuatana kwenye njia moja. Hapo jino halikwangui tena, linaparaza. Linasuguana, linapata moto, linalika bila kutoa chenga ya maana. Kwenye mwamba mgumu, kumhurumia jino ndiko kunakomuua.

Mwaka 1965 mtafiti Teale alitoa njia ya kulipima jambo hili: hesabu nishati unayotumia kutoa kila kipande cha mwamba, kisha linganisha na ugumu wa mwamba wenyewe. Namba hizo mbili zinaonyeshwa kwa kipimo kimoja, kwa sababu nishati kwa ujazo ni sawa na shinikizo. Zikikaribiana, biti inafanya kazi yake. Nishati ikipanda ghafla mara tatu au nne, huku mwamba haujabadilika, basi nguvu yako inaishia kwenye kuyumba, kukwama au kuparaza. Kwa miaka mingi hesabu hiyo ilibaki kwenye majarida. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Fred Dupriest na wenzake wa ExxonMobil waliiweka kwenye skrini mbele ya mchorongaji, ikisomeka wakati biti iko chini.

Jaribio kubwa la hadharani la hesabu hiyo kwenye mwamba mgumu limefanyika jimbo la Utah, Marekani, kwenye mradi wa utafiti uitwao Utah FORGE karibu na mji mdogo wa Milford, unaogharamiwa na Wizara ya Nishati ya nchi hiyo. Ni mradi wa jotoardhi, siyo mafuta, lakini rigi, biti na wataalamu walitoka kwenye visima vya mafuta, na mwamba ni wa jamii ya matale. Mwaka 2017 walichoronga kisima cha wima cha mita 2,300 hivi. Walipoanza kisima cha pili kikubwa, 16A(78)-32, Oktoba 2020, Dupriest na Sam Noynaert, wote wakiwa Chuo Kikuu cha Texas A&M, walikuja na mpango wa kuwafundisha wachorongaji wenyewe, siyo mameneja peke yao: angalia nishati kwenye skrini, jaribu uzito mkubwa zaidi hatua kwa hatua, na kila biti inayopanda ipigwe picha jino kwa jino, ijulikane kilichoiua kabla nyingine haijashuka. Majibu yalipelekwa kwa watengenezaji, na biti zilizofuata zikaja na meno na mpangilio tofauti. Kisima hicho kilifika mita 3,350 hivi kwa kufuata njia yake, sehemu ya chini ikiwa imelala nyuzi 65 kutoka wima, kwenye mwamba wenye joto linalozidi nyuzi 220. Kasi ya kuchoronga iliongezeka zaidi ya mara mbili ikilinganishwa na kisima cha 2017. Mwaka 2024 kampuni ya Fervo Energy, inayochoronga jirani hapo, ilitangaza kisima kilichokamilika kwa siku 21, muda ambao ni pungufu kwa asilimia 70 kuliko wa kisima chake cha kwanza cha mlalo cha 2022.

Biti zilizofanya kazi hiyo zinauzwa kwa yeyote mwenye fedha. Ninachokipenda zaidi katika habari ya Utah ni kwamba takwimu za kila siku na picha za biti zilizokufa zimewekwa wazi kwa umma. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuzisoma leo.

Turudi kwetu. Olkaria, karibu na Naivasha, ambako visima vya jotoardhi vya Kenya vinafika mita 3,000 hivi, mwamba ni wa volkano: trakaiti, raiolaiti, basalti na tufu. Trikoni bado zinafanya sehemu kubwa ya kazi kule, na siwalaumu wahandisi wake. Lava ngumu inafuatiwa na tufu laini, kisha lava tena, na biti ya PDC inaumia zaidi pale pua inapokuwa imeingia kwenye mwamba mgumu huku bega liko kwenye laini, au kinyume chake, maana mzigo wote unahamia kwa meno machache. Tena kuna nyufa zinazomeza tope lote. Tope likipotea, hakuna cha kulipoza jino, na nimeshaeleza joto linafanya nini. Biti ya Utah haiwezi kuhamishiwa Naivasha kama ilivyo. Inatakiwa biti iliyobuniwa kwa mwamba wa Naivasha, na malighafi ya ubunifu huo ni biti zilizokufa Naivasha.

Hapo ndipo tunapopungukiwa. Tangu mafuta ya Ngamia-1 yapatikane Turkana mwaka 2012, na sasa visima vya Kingfisher na Tilenga huko Uganda, pamoja na gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, biti nyingi zimeshuka kwenye ardhi yetu. Tasnia ina utaratibu wa dunia nzima wa kuandika hali ya biti iliyotolewa, uliowekwa na jumuiya ya wakandarasi wa uchorongaji, IADC: meno ya ndani na ya nje hupewa alama kuanzia sifuri hadi nane, halafu zinafuata herufi za aina ya jeraha, mahali lilipo, kama biti bado ina kipenyo chake, na kwa nini ilitolewa. Ni mstari mmoja wa fomu, unaojazwa kwa dakika kumi. Nimeona mistari hiyo imejazwa bila mtu kuinama kuitazama biti. Nimeona "meno yamechakaa" ikiandikwa kwa biti ambayo hata ukucha ungekwambia imepigwa kisogoni. Mimi mwenyewe niliandika hivyo mara tatu.

Ombi langu kwa wanaosimamia mikataba katika nchi zetu ni dogo na halina gharama ya maana. Ripoti ya kisima inapokabidhiwa serikalini, iambatane na picha za kila biti iliyotoka: uso mzima, kisha kila bawa, kisha kila jino lililojeruhiwa, mbele na nyuma, zikiwa na namba ya kina ilikotolewa. Pamoja na hizo, uzito, mizunguko na msokoto wa kila saa ambayo biti ilikuwa chini. Na biti zenyewe, zikishamaliza kazi, zipelekwe vyuoni badala ya kuuzwa kama chuma chakavu.

Ile biti ya tatu niliiomba, nikapewa. Iko mezani karatasi zangu zinapokaa, na wanafunzi wapya wakija siku ya kwanza siwapi kitabu. Nawapa kitambaa na tochi, nawaambia waanzie katikati waende begani, wapitishe ukucha nyuma ya kila jino, na waniambie unaanza kunasa kwenye jino la ngapi.